Asali ya Mzinga Ndani ya Mzinga

Ukishuka basi Emali saa tano asubuhi, chupa zitakulaki kabla ya watu. Zimepangwa juu ya meza ya mabanzi, nyingine zimesimamishwa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, na jua likipenya ndani yake unaziona rangi zote ambazo asali inaweza kuwa nazo: ya strungi, ya maji ya ukwaju, ya samli iliyoyeyuka. Lebo zimebanduliwa, ila si zote. Moja ilikuwa bado na kipande cha karatasi kinachotangaza kileo asilimia 40.

Vijana wa mjini huiita chupa hiyo ya mililita 750 mzinga. Mzee wa Ukambani akisikia mzinga atawazia kitu kingine, gogo lililotobolewa likatundikwa kwenye mgunga, ambalo kwa Kikamba ni mwatu. Kwa hiyo asali ile ilikuwa imetoka mzingani ikaingia mzingani. Nilipomwambia hivyo mama aliyekuwa akiuza, alicheka kwa adabu, kama mtu aliyeshayasikia maneno hayo kutoka kwa kila abiria mwenye kujiona mcheshi.

“Mwaitu, hii ni safi kweli?”

“Si uangalie mwenyewe, mwanangu.”

Akaipindua chupa. Kiputo cha hewa kilichokuwa shingoni kikaanza safari ya kupanda, polepole, kikiwa kimebinyika kama kiluwiluwi, kikachukua muda wake hadi kikafika kwenye kitako kilichokuwa sasa juu. Hapo akanitazama. Kesi imekwisha.

Kusema kweli, kiputo hakithibitishi lolote. Sharubati ya sukari iliyochemshwa na mtu anayeijua kazi yake nayo hukipandisha polepole vilevile. Kinachohesabiwa hasa ni maji: viwango vya kimataifa vya Codex vinataka asali isizidi asilimia 20 ya unyevu, kwa sababu ikizidi huanza kuchachuka, na hilo halipimwi kwa jicho. Hata hivyo niliinunua. Asali iliyo ndani ya jerikeni la manjano hununuliwa kwa imani tupu. Ile ya chupani angalau unaona nta iliyoelea, mguu wa nyuki ulioponyoka chujio, na chembe zilizoanza kuganda chini.

Kifuniko ndicho kilichonishangaza. Chupa ya kiwandani, iliyopita kwenye mashine za watu wenye makoti meupe, ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi lililochongwa likaviringishiwa nailoni, masalia ya enzi za kabla ya Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini.

Hakuna mtu Kitui wala Makueni atakayekuambia kwamba yeye ni mkusanyaji wa chupa za zamani. Ukimuuliza atakuona wa ajabu. Lakini mwombe akufungulie kabati.

Kabati la susu wangu, yaani nyanya yangu, nje kidogo ya mji wa Wote, lilikuwa na milango ya kioo na vitambaa vya kufuma kila rafu. Juu vilikaa vikombe vya wageni. Chini, nyuma ya sahani, lilikuwepo jeshi la chupa ambalo halikupungua kamwe, maana chupa haikutupwa katika boma lile. Chupa za jemu zenye mdomo mpana zilitiwa chumvi na majani ya chai. Chupa za kahawa ya unga, zile zenye kiuno, zilitiwa simsim na dawa za mifugo, na ole wako uzichanganye. Chupa ndefu ya Treetop, ambayo kila nyumba ya miaka ya 80 iliinunua Krismasi kwa ajili ya sharubati, ilikaa nje ya kabati kwa sababu ilikuwa ya mafuta ya taa. Vichupa vya wino vilipata utambi na kuwa koroboi. Makopo nayo yalikuwa na maisha yake: mkebe mkubwa wa Kimbo uligeuka gorogoro, na hadi leo sokoni Kalundu, Kitui, ndengu hupimwa kwa gorogoro hata na watu ambao hawajawahi kuuona mkebe huo ukiwa na mafuta ndani.

Chupa moja tu ndiyo niliyorithi. Ni nzito kuliko ukubwa wake, na kioo chake kina ukijani hafifu. Ubavuni, ndani ya kioo chenyewe, kuna kiputo cha ukubwa wa punje ya ndengu kilichonaswa humo siku chupa ilipozaliwa. Nilipokuwa mdogo niliamini ni pumzi ya mtu aliyeipuliza. Baadaye nilijifunza kusoma mshono. Ule mstari unaopanda ubavuni mwa chupa ukiishia shingoni, basi huenda mdomo ulimaliziwa kwa mkono, kama ilivyofanywa kabla mashine ya Mmarekani Michael Owens ya mwaka 1903 haijaenea viwandani. Ukipanda hadi kwenye ukingo wenyewe wa mdomo, mashine ilifanya kazi yote. Niliigeuza chupa ya susu dirishani, moyo ukinidunda. Mshono ulipanda hadi juu kabisa. Basi si hazina ya makumbusho. Ni chupa ya jemu.

Marekani ingekuwa habari nyingine. Huko watu huzitafuta chupa kongwe za kuhifadhia matunda kama wengine wanavyotafuta stempu, na zile za samawati za ndugu wa familia ya Ball, waliokuwa na kiwanda Muncie, Indiana, hupangwa kwenye madirisha ya majumba kama mapambo. Asili ya yote ni fundi bati kijana wa New York, John Landis Mason, aliyepata hataza yake tarehe 30 Novemba 1858. Watu husema Mason alivumbua chupa. Chupa zilikuwepo tangu zamani. Alichofanya ni kuuchongea mdomo hesi ili kifuniko cha bati kizungushwe na kubana. Kabla yake Mfaransa Nicolas Appert, aliyezawadiwa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kugundua namna ya kuhifadhi chakula kwa kukichemsha ndani ya chupa zilizofungwa, alikuwa akiziba kwa kizibo na nta, akijua kwamba inafaa bila kujua kwa nini. Ukiitazama chupa ya Emali na gunzi lake, utaona mama yule na Appert wangeelewana haraka. Mason mwenyewe alikufa mwaka 1902 akiwa maskini, huku vifuniko vya hesi vikiwatajirisha wengine.

Kioo kilifika Ukambani zamani kuliko chupa, ila kilikuja kikiwa kimetobolewa katikati. Wakamba wa Kitui ndio walioendesha misafara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani karne ya 19, na katika mizigo ya kurudi nayo nyumbani zilikuwepo shanga za kioo kutoka ng'ambo. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa zama zile, na Desemba hiyo akauona Mlima Kenya kutoka huko. Kioo kilikuwa cha kuvaliwa shingoni wakati huo. Chakula kilikuwa na vyombo vyake: kitete cha maziwa na uji, kithembe cha asali, ambacho ni pipa dogo la mti lenye kifuniko cha ngozi. Vibuyu vya Wakamba huchorwa kwa ncha ya moto na kisu hadi vikapendeza kuliko chupa yoyote, na kibuyu kikipasuka hushonwa. Chupa ikipasuka, hakuna sindano.

Kibuyu kina siri zake lakini. Huoni kilichomo mpaka umimine. Nadhani hilo ndilo lililowavutia kina susu kwenye kioo, zaidi ya usasa wake. Eneo hili linajua madhara ya chakula kinachoharibika gizani.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 mvua zilinyesha nje ya msimu wakati mahindi yakikomaa. Watu waliokuwa wametoka kwenye njaa waliyavuna yakiwa mabichi, na wengi wakayaweka ndani ya nyumba wanamolala, kwenye sakafu ya udongo, yasije yakaibwa. Yakashika ukungu. Ukungu ukatoa sumukuvu, hii tunayoiita aflatoksini, ambayo haina harufu wala ladha na haiondoki kwa kupikwa. Kufikia katikati ya mwaka wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, macho yao yamegeuka manjano na matumbo yamevimba, na 125 kati yao walifariki dunia. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Wataalamu waliokuja kuchunguza walikuta kwamba kuyaweka mahindi ndani ya nyumba kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha walioumwa na majirani zao wazima. Familia nyingi zilikula ugali na muthokoi wa mahindi ya shamba lao wenyewe. Mara nyingi hakukuwa na mfanyabiashara wa kulaumiwa, na kwa waliobaki sijui kama hilo lilipunguza uchungu au liliuzidisha.

Na hapa ndipo chupa inapoingia, tena chupa ileile ya mzinga. Maafisa wa kilimo hufundisha kipimo ambacho hakihitaji umeme wala mashine. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi. Ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka. Funga, tikisa kwa dakika mbili, kisha iache itulie robo saa. Sasa iinue uelekeze mwangani.

Mahindi yakiwa na unyevu, chumvi huunywa na kujibandika kwenye kuta za kioo, nyeupe nyeupe, kama umande uliogeuka unga. Hapo unajua unyevu umezidi asilimia 15 na gunia linarudi turubaini. Kioo kikibaki kisafi na chumvi yote ikaanguka chini, uko chini ya kiwango hicho. Mimi huyaanika tena siku moja au mbili hata yanayopita mtihani huo, kwa sababu shabaha ya ghalani ni asilimia 13.5, na chumvi haijui kuhesabu nusunusu. Lakini jaribu kukifanya kipimo hiki kwenye chupa ya plastiki iliyochakaa, iliyojaa mikwaruzo, uone kama utatofautisha chumvi na uchafu. Kioo hakikwaruziki hivyo. Ukimwonyesha mama mwenye magunia matano chumvi iliyoganda ukutani, huhitaji semina.

Susu hakuwahi kukisikia kipimo hicho, ila mbegu zake zilikaa chupani. Alichagua kunde na mbaazi nzuri, akazianika, akazichanganya na jivu lililochekechwa, akajaza chupa hadi shingoni na kufunga. Jivu huziba mianya wanamopita fukusi na kuwakwaruza ngozi hadi wakaukiwe. Chupa iliyofungwa vyema hufanya lingine zuri zaidi: mbegu na wadudu huimaliza oksijeni iliyomo, na wadudu hufa wakiwa watoto. Ni kanuni ileile ya magunia ya kuzuia hewa yanayouzwa sasa madukani. Dumuzi, mdudu aliyevuka kutoka Tanzania na kuonekana Taveta mwaka 1983, na ambaye wakulima wetu wamempa jina la Osama kwa namna anavyobomoa ghala, hutoboa hadi mbao na plastiki. Kioo humshinda. Shida ya chupa ni udogo wake. Inatosha mbegu za shamba, haitoshi kulisha nyumba.

Nilipohamia Nairobi nikawa mjuaji. Kila Januari ndugu zangu wa Makueni walikuwa wakilia na maembe. Apple, Kent, Tommy Atkins na ngowe huiva kwa pamoja, dalali anataja bei ya kuudhi, na yaliyobaki yanaoza chini ya miti nzi wakishangilia. Kaunti ilijenga kiwanda Kalamba, kilichozinduliwa 2017, cha kusaga maembe kuwa rojo linaloweza kukaa, na huo ni msaada mkubwa, ila hakiwezi kumeza kila embe. Nikaona nitengeneze jemu nyumbani Wote, nitumie chupa za kabati la susu. Nikapika rojo na sukari na ndimu, likatokota vizuri. Nikaitoa chupa ya kwanza kwenye rafu, baridi kama asubuhi ya Julai, nikamimina.

Ilipasuka kwa sauti ndogo, tik, kitako kikabaki mezani kama sahani na jemu ikatambaa hadi sakafuni. Hakuna wa kumlaumu. Kioo cha chupa za jemu hakivumilii kuruka ghafla kutoka baridi hadi moto mkali: upande wa ndani hutanuka kabla wa nje haujapata habari. Chupa inapaswa ipashwe kwanza kwenye maji ya moto, ijazwe ingali moto, iwekwe juu ya kitambaa au ubao na si kwenye saruji.

Nilikosea na jingine. Nilifuata muda wa kuchemsha ulioandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Mji wa Wote na wa Kitui yote miwili iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huku maji hutokota yakiwa kama nyuzi 96 tu. Kwa hiyo chupa za jemu zinazohitaji dakika 5 ndani ya maji yanayotokota kule Mombasa zinahitaji 10 hapa. Ndimu nayo si ya ladha pekee. Embe lililoiva sana hupoteza uchachu, na uchachu ndio unaomzuia bakteria wa botulizimu, anayependa mahali pasipo na hewa, yaani hasa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Mbegu za bakteria huyo hazifi kwa maji yanayotokota. Zinataka nyuzi 121, ambazo hupatikana kwa mvuke wa shinikizo. Ndiyo maana siungi mkono mtindo wa kusindika maharagwe, nyama au majani ya kunde kwenye chupa jikoni. Majani ya kunde yana njia yake ya siku zote, juani, na ni njia salama. Bakteria huyohuyo ndiye anayefanya madaktari wakataze asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata iwe safi namna gani.

Halafu kuna vifuniko. Chupa ya dukani hubanwa na kifuniko chenye utepe laini wa mpira kwa ndani, ambao huchukua umbo la mdomo mara moja tu vizuri. Mara ya pili hubana hivi hivi. Mara ya tatu unajidanganya. Chupa inaweza kuishi miaka 50, kifuniko chake kikaishi msimu mmoja, na huku kwetu kukipata kingine peke yake, cha kipimo hicho, ni kazi ya kuzunguka mji mzima. Kabati la susu lilikuwa na chupa nyingi kuliko vifuniko. Zile zisizo navyo zilifunikwa kwa kitambaa na ukanda wa mpira wa baiskeli.

Waliopiga hatua kwenye asali wanalijua tatizo hili. Upande wa Mwingi, ambako taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, ilisaidia wafugaji wa nyuki kuchakata na kufungasha asali yao miaka ya 2000, suala la chombo lilienda sambamba na la mzinga wa kisasa. Mteja wa supamaketi hataki gunzi. Anataka chupa mpya, muhuri, na alama ya shirika la viwango. Chupa mpya lakini ni nzito, hupasuka kwenye barabara za vumbi, na inatoka mbali. Vikundi vingi vimeishia kwenye plastiki. Siwalaumu, ingawa asali ikiganda kwenye plastiki nyembamba siipendi kuipasha. Ya kwenye kioo naiweka ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, inarudi kama ilivyotoka mzingani.

Kinachonichekesha ni kwamba malighafi ya kioo inapatikana si mbali sana na Emali. Kioo ni mchanga, chokaa na magadi yaliyoyeyushwa pamoja kwenye joto la takriban nyuzi 1,500, na magadi ndiyo yanayoufanya mchanga ukubali kuyeyuka mapema. Emali iko mpakani mwa Makueni na Kajiado. Ng'ambo ya pili ya Kajiado liko Ziwa Magadi, ambalo magadi yake yamechimbwa kibiashara tangu miaka ya 1910, na reli inayoyabeba huungana na reli kuu ya zamani pale Konza. Viwanda vya chupa viko Nairobi na Mombasa. Chupa tupu ndiyo inayorudi Emali, baada ya kupitia baa.

Mwezi uliopita nilirudi Emali na mfuko uliojaa chupa tupu nilizokusanya Nairobi kwa majirani, kumi na moja kwa jumla. Mama alizipokea moja moja. Hakuzitazama sana. Alipitisha kidole gumba kuzunguka kila mdomo, taratibu, akitafuta pengo, na mbili akaziweka kando bila kueleza. Ya tisa aliifungua, akakinusa kifuniko chake cha bati, akakunja uso.

“Hii ilikuwa na siki.”

“Niliiosha mara tatu, mwaitu.”

“Chupa umeosha.”

Akakirusha kifuniko kwenye shimo la takataka, akaisimamisha chupa kwenye kreti pamoja na wenzake, kisha akainama chini ya meza, akaokota gunzi, akaanza kulichonga.